Likizo ya Dereva, Barabara Nyingine

Ukiolewa na dereva wa masafa marefu, usitegemee atakushangilia ukimwambia likizo mtaimalizia barabarani. Baba Neema anavuta trela kutoka Indianapolis hadi California na kurudi, mwaka nenda mwaka rudi. I-40, barabara kuu ya kwenda magharibi, anaijua kwa namba za egziti, kwa mizani, na kwa vituo vyenye bafu safi. Nilipomwambia kiangazi hiki nataka tutoke Chicago mpaka Los Angeles kwa gari letu dogo, tukiifuata Route 66, ile barabara ya zamani, alinitazama kama mtu aliyeambiwa afue nguo zilizokwisha kauka.

"Mama Neema, hiyo njia naipita kila mwezi."

"Unaipita kando," nikamjibu.

Na kweli. Wakenya, Wasomali, Wakongo na Watanzania wanaoshika usukani wa malori Marekani si wachache siku hizi, na karibu wote wameviona vile vibao vya kahawia vinavyoelekeza barabara ya kihistoria. Wa kukunja kona akaingia ni nani? Sheria inampa dereva saa 11 za kuendesha, kisha apumzike saa 10 mfululizo, na kifaa kilichofungwa ndani ya lori kinahesabu kila dakika. Mzigo haungojei mtu atazame historia.

Watoto tukawaacha kwa wifi yangu, Julai tukaondoka.

Route 66 inaanzia katikati ya Chicago, kwenye mtaa wa Adams, ikaenda karibu kilomita 3,900 kupitia majimbo 8 hadi Santa Monica, ufukweni mwa Pasifiki. Mpango wa kuzitambua barabara kuu za Marekani kwa namba uliidhinishwa Novemba 11, 1926, na namba 66 ilikuwamo. Mtu aliyeipigania hasa ni Cyrus Avery, mfanyabiashara wa Tulsa, Oklahoma. Ukitazama ramani utamwona: badala ya kukata moja kwa moja kuelekea magharibi, barabara inateremka kusini ikapite kwao. Baba Neema alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kumbe hata huku mheshimiwa huvuta lami ipite kwake!"

Illinois ni mahindi, kisha mahindi. Springfield tulisimama kwenye kaburi la Abraham Lincoln. Nje pana kichwa chake cha shaba, na pua inang'aa kama dhahabu kwa sababu kila mgeni huisugua kutafuta bahati. Mume wangu naye akaisugua. Katika mji huohuo wa Lincoln, mwaka 1908, kundi la wazungu liliwaua watu weusi na kuchoma nyumba zao, na ghadhabu iliyofuata ndiyo iliyozaa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mwaka 1909. Karibu na St. Louis kuna daraja la Chain of Rocks, lililofunguliwa 1929, ambalo linapinda kona juu ya mto Mississippi. Sasa ni la waendao kwa miguu na baiskeli tu. Baba Neema alisimama pale kwenye kona muda mrefu, akipima kwa mikono namna malori mawili yalivyopishana.

Kansas ni maili 13 tu, umefumba umefumbua umeingia Oklahoma. Hapo ndipo mwenzangu alipoacha kulalamika. Kati ya miji ya Miami na Afton kuna kipande kilichojengwa 1922, kabla barabara haijapata namba, na upana wake ni futi 9. Si kila upande. Yote! Inasemekana fedha zilitosha nusu ya upana, wakaona afadhali wafike mbali kwa lami nyembamba kuliko kuishia njiani kwa lami pana. Baba Neema alishuka, akaipima kwa hatua, akachuchumaa akapapasa ukingo wa saruji uliomong'onyoka, nyasi zimepenya kwenye nyufa. Trela lake lina upana wa futi 8 na nusu. "Ukikutana na mwenzako hapa," akasema, "mmoja anakuwa mkulima." Tukaenda polepole, tairi za kulia zikisaga changarawe, na hatukukutana na mtu.

Mbele kidogo, Foyil, kuna sanamu ya kijana anayekimbia. Ni Andy Payne, Mcherokee, mmoja wa wenyeji asilia wa Marekani, wa hapohapo. Mwaka 1928 yaliandaliwa mashindano ya kukimbia kutoka Los Angeles hadi New York, sehemu kubwa ikiwa ni kwenye barabara hii, ili kuitangaza. Walianza watu 199, wakamaliza 55. Payne alikuwa na miaka 20, akashika nafasi ya kwanza, akapata dola 25,000, na fedha hizo zikalipa deni la shamba la wazazi wake. Mzee mmoja aliyekuwa anapiga picha alituuliza tunatoka wapi. Aliposikia Kenya akanitazama miguu. Nimeshazoea. Mimi ni mtu wa Pwani, bwana, mbio zangu ni za kuwahi matatu.

Catoosa kuna nyangumi wa saruji, mkubwa, wa buluu, amelala kwenye bwawa akicheka. Hugh Davis alimjengea mkewe Zelta kama zawadi ya kuadhimisha ndoa yao miaka ya mwanzo ya 1970, kwa kuwa mkewe alipenda kukusanya vinyago vya nyangumi. Nilimtazama mume wangu. "Hatuna bwawa," akasema.

Tulsa hatukupita haraka. Mtaa wa Greenwood ulikuwa wa watu weusi wenye maduka, hoteli, magazeti na madaktari wao, na kati ya Mei 31 na Juni 1, 1921, wazungu waliuteketeza, vitalu 35 hivi vya nyumba. Miaka 5 baadaye mji huohuo ukawa kwenye barabara ambayo leo inauzwa kwa fulana na vikombe kama njia ya uhuru. Jambo hili lilinisumbua safari nzima, na bado. Makumbusho mengi ya njiani yana picha za familia zenye furaha, gari refu la rangi mbili, mtoto na soda. Ni nani katika zile picha? Miji mingi kwenye njia hii ilimtaka mtu mweusi awe ameshatoka kabla jua halijatua. Moteli zilikuwepo, kulala hakukuwepo. Ndiyo maana mtu wa posta wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza mwaka 1936 kuchapisha kijitabu cha kuwaelekeza wasafiri weusi mahali pa kulala, kula na kutia mafuta bila kufukuzwa. Waliosafiri bila kijitabu walibeba chakula chao, petroli ya akiba, na mkebe wa haja.

Mashariki mwa Oklahoma City, karibu na Luther, kipo kituo cha mafuta cha ukoo wa Threatt, familia ya watu weusi iliyokiendesha tangu miaka ya 1910. Ni kijumba kidogo cha mawe ya mchanga, paa la mteremko. Ukipita kasi hukioni. Kwa gari lililojaa watoto na jua linazama, kijumba hicho kilikuwa na maana kuliko hoteli zote za Chicago. Tulikitazama kutoka barabarani. Baba Neema, ambaye hulala kwenye lori lake popote anapochoka, hakusema neno, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Texas niipite upesi kama tulivyoipita. Nje ya Amarillo kuna magari 10 aina ya Cadillac yaliyozikwa pua chini tangu 1974, na kila mgeni anakuja na kopo la rangi kuyapulizia. Harufu ya rangi na joto vilinitosha. Adrian ni nusu ya safari: kibao kinasema maili 1,139 kwenda Chicago na maili 1,139 kwenda Los Angeles. New Mexico, kule Tucumcari, tulilala kwenye moteli ya mwaka 1939, Blue Swallow, yenye taa za neoni na banda la gari kando ya chumba. Mume wangu alifurahi kuliko siku ya harusi. Gari karibu, kitanda karibu.

Kilichoiua Route 66 ni barabara nzuri zaidi. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya kujenga barabara kuu za njia pana, zisizo na taa wala makutano, na moja baada ya nyingine zikaikwepa miji ya zamani. Williams, Arizona, ulikuwa mji wa mwisho kukwepwa, Oktoba 1984. Mwaka uliofuata namba 66 ikafutwa rasmi.

Seligman, pia Arizona, ilikwepwa Septemba 22, 1978. Magari yaliyokuwa yakipita mchana kutwa mlangoni yakahamia I-40, na maduka yakafunga. Kinyozi wa mjini, Angel Delgadillo, hakukubali. Mwaka 1987 aliwakusanya wenzake wakaunda chama, wakaisumbua serikali ya jimbo hadi ikakitangaza kipande chao kuwa barabara ya kihistoria. Leo mabasi ya watalii yanashindana kuegesha. Nitasema kweli, wamepitiliza kidogo: masanamu ya plastiki madirishani, na 66 imeandikwa hadi kwenye soksi. Lakini watu wanakula.

Nilikaa pale nikinywa soda nikiwaza Mariakani, nilikozaliwa. Mji ule uliishi kwa mizani. Malori kutoka bandarini Mombasa yalipanga foleni kupimwa, madereva wana njaa, na mama yangu alikuwa na chapati, maharagwe na chai ya maziwa. Baba Neema nilimfahamu hapohapo, taniboi asiyelipa deni la chai kwa wakati. Reli ya SGR ilipoanza kubeba makontena mwaka 2018, foleni ikapungua, na vibanda vya jirani zake mama vikafungwa kimoja kimoja. Treni haishuki kunywa chai.

"Mariakani wangewauzia nini watalii?" mume wangu akauliza.

"Deni lako. Tungelitia kwenye fremu."

Kutoka Kingman barabara inapanda milima hadi Oatman, kona juu ya kona, bila kingo. Zamani malori makubwa yalipita hapo. Siku hizi yamekatazwa. Oatman ulikuwa mji wa machimbo ya dhahabu. Wachimbaji walipoondoka wakawaacha punda wao, na wajukuu wa punda wale sasa ndio wenye mji. Wanasimama katikati ya barabara, wanaingiza kichwa dirishani, wanapekua mifuko. Wazungu wanapiga kelele za furaha. Mtu aliyewahi kupishana na punda wa Lamu kwenye vichochoro hashangai, anabana ukutani tu. Mmoja aliegemea mlango wetu, kichwa chini, na Baba Neema akapiga honi. Punda hata sikio hakutikisa. Tulisubiri mpaka alipoamua.

California inaanza na Needles, joto lisilo na huruma, kisha jangwa la Mojave. Anayetaka kupita huko kiangazi abebe maji ya kutosha, ajaze tangi kila anapoona mafuta, na aulize mapema kama kipande cha Amboy kimefunguliwa, maana mafuriko ya ghafla huvunja madaraja yake ya mbao. Simu isimdanganye: ramani yake itamrudisha I-40 kila baada ya dakika tano.

Kule Santa Monica, gatini, kuna kibao cha mwisho wa njia, na foleni ya kupiga picha. Tukapiga. Kisha Baba Neema akasoma mahali kwamba mwisho rasmi, tangu 1936, ulikuwa makutano ya barabara za Lincoln na Olympic, akang'ang'ania twende. Tukaenda. Ni makutano: taa, kelele, basi linapumua moshi. Yeye ndiye aliyeridhika. Akaniomba nimpige picha akiwa amesimama kando ya nguzo ya taa, kofia mkononi, nyuma yake lori la mizigo linajaribu kukata kona ambayo, kwa maelezo yake, lilikuwa limeianza vibaya.

Kurudi tulishika I-40 bila mjadala. Alikuwa na mzigo wa kuchukua Jumatatu.