Ile nguzo ya katikati ya saloni

Juzi tulikuwa kwa mama, sasa mtoto wangu ameshika ile nguzo ya saloni, njo sebule, na mkono mmoja anaizunguka tu, anazunguka, mpaka kizunguzungu kikamsimamisha, akauliza: "Papa, kwa nini nyumba ya koko iko na mti katikati? Kwetu haiko." Mama, njo koko, bibi yake, alicheka kule jikoni. Hakujibu, aliniachia mimi.

Nguzo ni ya mti wa libuyu, ilisimamishwa usiku, 2009, na tangu hapo viti vya fotei vya ile saloni havijawahi kupangika vizuri.

Maji njo yalileta yote. Ziwa tunaliona, lakini watu wa Majengo, hapa Goma, wanajua bidoni, dumu la maji, haijijazi. Papa yangu alichoka kutuona tunarudi na mabidoni saa mbili usiku, akanunua tanki ya litre 500, akasema itapanda juu ya plafo, njo dari, ili maji yashuke yenyewe kwa dushi. Kuiweka nje hapana, wezi. Juu pale kulikuwa vishevroni, vimbao vya sentimetre 5 kwa 7, vya kubeba tiripleksi ya plafo basi, paka akipita nyumba nzima inajua. Papa, mwalimu wa hesabu, akaleta madriye nne, mbao nene za 7 kwa 15, kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, akazilaza juu ya shevroni kama kitanda, misumari, mbao juu, tanki ikakaa. Fundi wa nini, alisema.

Usiku wa kujaza sasa. Yaya Sifa, mkubwa wangu, alikuwa kwa ngazi, mama chini anapitisha bidoni, mimi nimelala kwa tumbo kule juu, tole, bati la paa, inanigusa mgongo, namwaga. Papa amebaki saloni na toshi. Alikuwa amevuta uzi wa maso, ule wa fundi wa kujenga, kutoka ukuta mpaka ukuta, chini ya plafo, akaacha nafasi ya kidole kimoja, njo apime kama kitu kinashuka. Litre moja kilo moja, bidoni moja kilo 20, alikuwa anahesabu kwa sauti kama yuko kwa tablo ya darasa. Bidoni ya kumi: "Nusu kidole, endeleeni." Ya kumi na tano: "Plafo imegusa uzi." Akanyamaza kidogo. "Endeleeni."

Ya kumi na saba, msumari ulilia. Ta! Moja tu. Halafu nikasikia maji ndani ya tanki yanasogea upande wangu, polepole, kama mtu anageuka kitandani bila kuamka. Nilikuwa nimeshika bidoni nusu, sijui niimwage au niirudishe, na kilo 330 ziko karibu na sikio langu zinapumua. Hakuna mtu alipiga kelele. Mama tu, na sauti ya chini kabisa: "Papa Sifa, mtoto iko juu."

Nilishuka, sikumbuki namna gani.

Fundi jirani alikuja na singileti, hata kupanda hakupanda, alimulika toshi pale plafo ilikuwa inasukuma uzi, akasema: "Mwalimu, madriye hailale. Inasimama." Papa hakujibu. Wakatoboa sima, saruji ya chini, haikufika vidole vitatu wakakuta lave ya 2002, jiwe la volkano, fundi akasema hapo hata kanisa litakaa. Wakasimamisha libuyu, ubao juu ya kichwa chake ushike shevroni tatu, kabari, nyundo, basi. Ya muda tu, papa alisema, likizo atazigeuza madriye zisimame. Likizo gani, hakusema. Aliandika mstari wa makaa kwa tanki, pale kwa bidoni ya kumi na saba, na maji hayajawahi kuupita. Hata Mei 2021, volkano ilipotoka na ardhi ikatetemeka siku na siku, tukakimbilia Sake, tuliporudi ukuta ulikuwa umepasuka lakini tanki iko pale pale.

Sasa mtoto anangoja jibu. Nikachukua lati yake ya shule, njo rula, nikailaza juu ya vikombe viwili, nikabonyeza katikati, ikapinda. Nikaisimamisha kwa ubavu, nikabonyeza, wapi. Akajaribu mwenyewe mara tatu. Halafu akatazama picha ya papa, naye ni koko wake, babu, mama aliitundika kwa nguzo ile ile, akauliza: "Sasa koko hakujua? Si alikuwa anafundisha hesabu?"

"Alijua," mama akasema kutoka jikoni. "Madriye zikisimama, tanki ilikuwa inagonga tole."

Miaka yote hii sikuwahi kusikia hiyo. Kutoka 7 mpaka 15 ni sentimetre nane. Nilikumbuka tole kwa mgongo wangu, lakini pale nilikuwa juu ya mbao, si juu ya tanki, kwa hiyo haisaidii. Metre ya papa ya kupimia bado iko kwa droo, na ngazi iko nyuma ya nyumba. Tulikula, tukaenda.