Kutoka Varanasi hadi Maghar

Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu huko India, hawafichi maiti. Ukishuka vichochoro vya kuelekea Manikarnika, ngazi za mtoni wanapochomea maiti, jeneza la mianzi linakuja mbio nyuma yako, wabebaji wakiitikiana "Ram naam satya hai", yaani jina la Ram ndilo kweli, unajibana ukutani wapite. Chini, kando ya mto Ganges, magogo yamerundikwa na mizani imesimama, maana kuni za kuchomea maiti huuzwa kwa uzito. Msandali ni ghali. Wengi hununua unga wake kidogo tu, wakaunyunyizia.

Nilimtazama mfiwa mmoja, kipara kimenyolewa upya, shuka jeupe kiunoni. Alizunguka maiti mara tano, akawasha kwa moto aliouchukua kwa Wadomu, watu wa tabaka la chini kabisa, ambao bila wao hapo hachomwi hata tajiri. Saa kadhaa baadaye aliupa moto mgongo, akarusha chungu cha maji kupitia bega la kushoto, akaenda zake. Kugeuka ni mwiko.

Kwa Wahindu, matendo humwandama mtu: roho huvaa mwili mwingine kulingana na aliyoyatenda, akazaliwa na kufa tena na tena hadi apate moksha, asizaliwe tena. Ila Kashi, jina la kale la mji huu, ina njia ya mkato. Anayefia hapa, mungu Shiva mwenyewe humnong'oneza mantra, maneno matakatifu, sikioni, akavuka. Ndiyo maana zipo nyumba kama Mukti Bhawan, zinazopokea wageni waliokuja kufa.

Hesabu hiyo ilinigomea. Mwovu mwenye nauli naye je? Kuhani mmoja alinijibu bila kusita: hasamehewi, bali Bhairava, Shiva katika sura yake ya kutisha, humtesa kwa dhambi zote za maisha yake yote ndani ya dakika moja, ndipo aachiwe. Jibu kali, nikalipenda.

Kabir hakulikubali. Mshairi huyo wa karne ya 15, aliyelelewa na wafumaji Waislamu hapo hapo Kashi, inasimuliwa kwamba uzeeni alihamia Maghar makusudi, mji ambao watu waliamini anayefia humo huzaliwa punda. Nikapanda treni ya Gorakhpur, kisha basi. Maghar ni mji mdogo wa vumbi. Kaburi lake la Kiislamu na hekalu lake la Kihindu vimekaa jirani, kila upande ukimdai.

Nje ya lango nilimuuliza muuza chai angependa achomwe wapi. Akacheka. "Kashi, bhai," yaani ndugu yangu. "Kabir alikuwa Kabir."