Ile nne ya mwisho

Mbeya mwezi wa saba watu wanashinda na makoti hata ndani ya nyumba. Siku ile ya usaili wa kazi ya kuandika programu za mizani, mwaka 2019, vijana saba walikaa kwenye korido ya ofisi yetu pale Mwanjelwa, mikono imezama mifukoni. Mimi nilikuwa na karatasi yenye swali moja.

Swali lilitoka kwa mama mmoja mfanyabiashara wa mchele. Wiki mbili kabla alipanda ngazi zetu akihema, akakataa kiti. "Mwanangu, gunia nimelijaza kwa mikono yangu, kilo mia. Mizani yenu inasema thelathini na nne. Wateja wangu wanisemeje?" Nikaenda naye ghalani upande wa Uyole. Kioo kilisoma gramu 34,464. Tukabadilisha gunia, bado thelathini na nne na ushee. Niliona aibu, maana programu ya mizani ile aliiandika mwenzetu aliyekwisha kuondoka, lakini aliyeikagua na kuipitisha ni mimi. Tulikuwa tumeijaribu kwa viroba vya kilo 25 na 50, haikukosea hata mara moja.

Kosa nililirekebisha jioni ileile. Mizani nyingine yenye programu ya zamani nikaiacha stoo kama ilivyo, na kwenye karatasi ya usaili nikaandika: gunia la kilo 100 linasoma gramu 34,464, mizani inapanda kwa gramu 20, kwa nini?

Kijana wa kwanza alifungua laptopu akanionyesha tovuti aliyoijenga. Ilikuwa kazi nzuri kweli, nasema bila kumpaka mafuta. Lakini mbele ya swali alikwama. Nikapunguza: baiti moja inabeba namba ngapi tofauti? Akasema nane. Wa pili alisema 1,024. Wa tatu alisema mambo hayo laibrari, yaani programu zilizoandikwa tayari na wengine, inayamaliza yenyewe, yeye hajawahi kuyagusa. Jibu ni 256, kuanzia 0 hadi 255, kwa sababu baiti ni biti nane, yaani nafasi nane za sifuri au moja. Mwenzangu wa saketi, mtu mzima mwenye miaka yake kwenye fani, alianza kutikisa kichwa kila mlango ulipofunguka. Kufikia wa tano akaninong'oneza kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu.

Sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubaliani. Vijana wale walifundishwa programu kwa lugha ya Python, ambako namba nzima inakua kadiri unavyotaka, au kwa JavaScript, ambako utahesabu mpaka zaidi ya trilioni elfu tisa kabla namba nzima hazijaanza kupoteza usahihi. Ukuta hawajawahi kuugonga, wataujuaje? Chipu yetu ilikuwa ATmega328, ileile ya kwenye ubao mdogo wa kujifunzia uitwao Arduino Uno: kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni baiti 2,048 tu, na namba nzima ya kawaida pale inapewa biti 16. Hakuna mwalimu aliyewahi kuwawekea kitu cha namna hiyo mezani. Kumwita mtu mvivu kwa mlango ambao hakuna aliyemwonyesha ni kumwonea.

Wa sita alikuwa binti. Alimpa mwenzangu shikamoo, akaketi, akasoma karatasi mara mbili, kisha akasema hajui. Nikamwambia achukue muda wake. Akaomba kalamu. Alikaa kimya mpaka nikasikia makondakta wa daladala wakiita abiria huko nje.

"Kaka," akasema, "mizani inayopanda kwa ishirini ishirini haiwezi kuishia na nne. Hii nne imetoka wapi?"

Mwenzangu akainua uso. Binti akatoa 34,464 kwenye 100,000, akaandika 65,536, akaitazama namba ile kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

"Hii naijua! Nilikuwa nachapa kazi za watu steshenari, kompyuta ilikuwa na Excel ya zamani. Ukishuka chini kabisa, mstari wa mwisho ni huu."

Kweli kabisa, Excel za 97 hadi 2003 ziliishia mstari wa 65,536. Kwa nini ziliishia hapo hakujua. Nikachora visanduku 16 kwenye karatasi, kila kimoja kinakaa sifuri au moja, nikamwambia kila ukiongeza kisanduku hesabu inakuwa mara mbili. Akaendelea mwenyewe, kwa sauti ya chini: mbili, nne, nane, kumi na sita... Alipofika 32,768 akasita, akaizidisha pembeni kwa kalamu, kisha akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo ikijaa inarudi sifuri inaanza upya."

Wa saba sikumuuliza peke yake. Niliwaita wote saba stoo.

Tukaweka gunia juu ya ile mizani ya zamani, tukaanza kumimina mchele kwa kopo. Kilo 60. Kilo 64. Kwenye 65 nikawaambia waache kopo, watumie konzi. Kijana wa kwanza, yule wa tovuti, akaomba amimine yeye. Wenzake wakainama juu ya kioo mpaka pumzi zao zikakitia ukungu, mmoja akakifuta kwa mkono wa sweta.

65,480. 65,500. 65,520.

Akaachia chembe chache zaidi kati ya vidole.

4.

Hakuna aliyesema kitu. Akachota konzi nyingine, akadondosha kidogo kidogo, na kioo kikasoma 24. Ndipo akageuka kwa yule binti akamwuliza, "Hebu nichoree vile visanduku."