Fikasi, paka wangu na washauri wa mtaani

Nikisema nina fikasi, mti wa mapambo wa ndani, sebuleni na paka humohumo, watu hugawanyika kambi mbili: wa "tupa hiyo sumu" na wa "mti tu huo, hauna neno". Zote mbili zilinisumbua.

Sumu ipo, ila si ya kuua kirahisi. Kata jani utaona utomvu mweupe mzito; humo mna kimeng'enya cha fisini na kemikali ziitwazo psoraleni. Mnyama akitafuna, mdomo unamwasha, anatapika, pengine anaharisha. Ile ya majani mapana waiitayo mpira ni ukoo huohuo.

Paka wangu Kidosho alipotafuna, udenda ulimning'inia hadi kifuani, akawa anajipangusa mdomo kwa mguu wa mbele huku kanikazia macho kana kwamba nimemlisha mimi. Mama mwenye nyumba akaja mbio na kikombe: "Mwanangu, mpe maziwa, yanakata sumu." Hayakati, na paka wengi wakubwa maziwa yanawaharisha. Jirani akaleta maji ya chumvi tumtapishe. Hapo nilikataa katakata. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwao. Nilimfuta mdomo kwa kitambaa chenye maji, nikampigia daktari wa mifugo. Akasema nimwangalie, akizidi kutapika nimpeleke. Jioni ananililia dagaa.

Ushauri ulionikera kuliko yote: "Si uusogeze tu pembeni!" Haya, nikausogeza koridoni. Sasa fikasi ya majani madogo, benjamina, ukiibadilishia mwanga inasusa. Ikaanza kupukutisha majani. Naamka, koridoni hapakanyagiki, na Kidosho katikati anapiga chenga na jani moja mdomoni. Yaani badala ya paka kuufuata mti, mti ukamfuata paka.

Nikaurudisha dirishani, juu ya stuli ndefu, majani yanayoanguka nayaokota kabla hajaamka. Kilichomaliza kazi ni kopo tupu la Blue Band. Paka anataka majani? Mpe yake. Nilinunua ngano nzima sokoni, ya hela ya chai tu, nikailoweka na kuiotesha humo. Sasa fikasi anaipita kama haioni. Ila msioteshe mtama. Wafugaji wanajua mtama mchanga unavyoangusha mbuzi, una sumu ya sianidi.

Mbwa wetu wa uani hana habari na majani, yeye ni vijiti. Kwa hiyo nikipogoa matawi siyaachi chini hata dakika, na pale nilipokata napangusa hadi utomvu ukome. Vaa glavu, unawasha na ngozi ya mtu.

Juzi shemeji kaniletea shada la lili, kajipamba mwenyewe. Lili ndiyo inayoua paka hasa, inafisha figo, hata chavua akiilamba manyoyani. Shada liliishia mlangoni, likaenda kwa jirani wa maji ya chumvi. Yeye hafugi paka.