Vinundu viwili vya Mama

Mama alistaafu ukarani macho yakiwa yameshaanza kufifia, lakini vidole vyake havikusahau kitu. Alikuwa amepiga taipureta zaidi ya miaka ishirini bila kutazama chini. Mwaka 2019 alipotaka kuandika habari za ukoo wetu kwenye kompyuta, kibodi yangu ilimshinda. "Hii imekufa, mwanangu. Sisikii nimepiga wapi."

Nikamtafutia ya mekanika, mtumba wa Kariakoo, yenye swichi za buluu. Kila kitufe kina springi yake, ukibonyeza kinalia tik. Sauti ilikuwa nzima, ila plastiki imegeuka manjano na nusu ya herufi zimefutika. Nikaamua kuipuliza rangi ya kijivu, ile ya taipureta yake ya ofisini, na herufi nisiziweke kabisa. Zingemsaidia nini mtu asiyetazama?

Niling'oa vitufe vyote 104, nikavilaza kwenye maji ya sabuni. Nikavipiga msasa namba 400 mpaka mng'ao ukaisha, kisha nikavisimika kimoja kimoja juu ya vijiti vya mishikaki nilivyochomeka kwenye boksi. Kijiti huziba lile tundu la msalaba lililo chini ya kitufe. Rangi ikiingia humo, kitufe hakikai tena. Uani kwetu Tanga pakawa kama kitalu cha miche. Lakini ilikuwa Aprili, masika, hewa imelowa. Rangi ilipokauka ikatoka na ukungu mweupe kama tui. Nikaisugua yote. Nikangoja jua. Safari ya pili nikaanza na praima, rangi mara nne nyembamba nyembamba, juu yake vanishi.

Mama akaketi, akaweka vidole, akavitembeza kulia, kushoto, akavirudisha. Hakupiga hata herufi moja.

"Vinundu vyangu viko wapi?"

Nikaelewa papo hapo, nikaishiwa nguvu. F na J zina kinundu kila moja. Ndipo vidole vya shahada vinapotua, na vingine vyote hujua njia kuanzia hapo. Mimi nilikuwa nimevilaza kwa msasa, kisha nikavizika kwa rangi. Nikachovya ncha ya sindano kwenye supaglu, tone moja juu ya F, tone moja juu ya J. La J likasambaa, nikalifuta, nikarudia.

Alfajiri, baada ya swala, nikasikia tik tik tik kutoka sebuleni, mfululizo, bila kusita. Nikaenda nikasimama mlangoni. Hakuwa amewasha taa.