Kadi ya harusi na pointi za MGB

Jumamosi moja ya Aprili 2013, mimi na mjomba tulitoka Mikocheni kwenda harusini Bagamoyo kwa MGB yake ya mwaka 1969. Ni gari la viti viwili, lilitengenezwa Abingdon, Uingereza, na paa lake hukunjwa likalala nyuma ya viti. Miezi minne kabla ya siku ile mjomba alinikabidhi funguo, kwa kuwa macho yake hayakutaka tena kuendesha usiku. Alinikabidhi pia utaratibu wake wa kuweka spana na spea. Huo niliubadilisha bila kumuuliza.

Yeye spana alizizungushia khanga chakavu akazibana nyuma ya kiti cha dereva. Pointi, kondensa na rota, vipuri vidogo vya umeme wa kuwashia injini, vilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya dashibodi upande wa abiria. Mimi niliona ni vurugu. Nikanunua sanduku la chuma Kariakoo, nikatia kila kitu humo, nikalipandisha kwenye buti. Sasa, buti la MGB ni la kina kifupi na tairi la akiba hulazwa humo humo sakafuni. Sanduku likakaa upande juu ya tairi, na kila tuta lilikuwa linaruka na kutua. Nilizisikia zile kelele miezi minne nikazizoea.

Tulipopita Bunju mvua ya masika ilikuwa imeanza. Injini ikaanza kukosa nguvu, ikawa inapiga silinda moja na kuruka nyingine.

"Mjomba, gari linakohoa," nikasema.

"Nalisikia, mjomba. Weka pembeni kabla halijakuzimikia katikati ya barabara."

Lilizima lenyewe kabla ya Mapinga. Nikafungua buti. Juu kabisa zilikuwa suti zetu, chini yake boksi la sufuria tulizokuwa tunampelekea bibi harusi, chini yake mabegi, halafu ndiyo sanduku. Kila kitu kilishuka na kupangwa kwenye majani, mvua inanyesha. Mpira wa mlango wa buti ulikuwa umechoka, maji yalikuwa yakiingia siku zote, na nilipoinua kifuniko cha sanduku nikakutana na kutu. Spana zilikuwa na rangi ya kahawia. Filagegi, zile kurasa nyembamba za chuma za kupimia nafasi ya pointi, zilikuwa zimegandana. Pakiti ya pointi mpya ilipasuliwa na nyundo, pointi zenyewe zimepinda. Rota mpya imepasuka vipande viwili. Kondensa waya wake umekatika. Spea zangu zilikuwa zimeuawa na vifaa vyangu mwenyewe, nami ndiye niliyewafungia chumba kimoja.

Mjomba alitazama lile sanduku muda mrefu. Hakusema neno. Ningependa angenigombeza.

Akachukua bisibisi moja iliyokuwa nzima, akaachia klipu mbili za kifuniko cha distributa, kile kinachogawa umeme kwa plagi. Pointi, zile ncha mbili zinazofunguka na kufungana humo ndani, zilikuwa zimeungua, na kile kikanyagio kidogo kinachopanda juu ya kemu, ule mhimili wenye pembe unaozifungua, kimelika, kwa hiyo hata zinapofunguka zinaachana kidogo mno. Nafasi inayotakiwa ni inchi 0.015, kama milimita 0.38. Ikipungua sana, umeme wa plagi unakuwa dhaifu.

Kwenye funguo zake za nyumbani alikuwa na kikata kucha chenye kile kitupa cha kukunjua. Alisugua pointi kwa kitupa hicho taratibu, anapuliza, anasugua tena, mimi nimemshikia mwavuli. Halafu akanyoosha mkono.

"Nipe kadi."

"Kadi gani?"

"Ya harusi. Hiyo uliyonayo mfukoni."

Akachana ukingo wa chini, pale penye neno DOUBLE, akaupapasa kwa vidole kama mtu anayechagua kitambaa. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wamesimama kutusaidia. Akaniambia niweke gia ya nne, nao walisukume gari polepole kutoka nyuma, injini izunguke kwa kusukumwa. "Twende... twende... rudini kidogo... hapo hapo!" Kikanyagio kikawa kileleni mwa kemu. Akaingiza kile kipande cha kadi katikati ya pointi, akalisogeza bamba linaloshika pointi mpaka kadi ikapita kwa kugusagusa, akakaza skrubu. Injini iliwaka kwa jaribio la pili. Bagamoyo tulifika watu wanakula keki.

Wiki iliyofuata nilianza upya, safari hii naye akiwa pembeni kwenye stuli. Gari hili lina nati za inchi: 7/16, 1/2, 9/16. Spana namba 13 iliyojaa madukani kwa ajili ya magari ya Kijapani huingia kwenye 1/2 ikiwa imelegea, na siku nati ina kutu inakula kona zake. Seti ya inchi niliipata Gerezani kwa fundi mzee wa Land Rover za zamani. Fundi viti akanishonea turubai lenye mifuko, kila spana na wake, unalikunja na kulifunga kwa kamba. Ndani nilipaka grisi nyepesi. Vitu vya umeme vikarudi kwenye kopo, vimefungwa nailoni, mbali na chuma. Jeki na nyundo ya shaba ya kufungulia nati za magurudumu ya spoku nilizifunga kwa mkanda ndani ya duara la tairi la akiba.

Turubai nilitaka lilale chini nyuma ya viti, mjomba akakataa. Chini ya sakafu ile kuna betri mbili za volti sita, na spana ikidondoka juu ya vichwa vya betri siku kifuniko kiko wazi, moto wake si mchezo. Tukalisimamisha nyuma ya kiti cha dereva, upande wa mlango, ambapo vyuma vya paa havifiki.

Jioni ilipoingia akanikalisha kwenye usukani, taa zimezimwa.

"Nusu inchi," akasema.

Nikarudisha mkono nyuma, nikahesabu mifuko kwa kidole, nikampa.

"Bisibisi pana."

Nikampa.

"Rota."

Nikainama upande wa abiria, nikagusa kopo.

"Haya," akasema, "sasa kunja paa tuone kama linakaa."