Mal-, mbu na neti

Jana usiku stima zilipotea hapa mtaani Nyalenda, Kisumu, nikabaki na tochi ya simu na kidaftari changu cha Kiingereza. Wiki hii nameza maneno yanayoanza na mal-, kiambishi kilichotoka Kilatini, maana yake ubaya. Malevolent, mwenye nia mbaya. Malign, kumsema mtu vibaya. Hilo, majirani wa ploti yetu hawahitaji kufundishwa! Halafu nikagonga malaria. Kumbe ni Kiitaliano, “hewa mbaya”: zamani watu walidhani homa inaletwa na hewa chafu ya vinamasi. Ni 1897 ndipo daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, alipoona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Nikiwa hapo hapo, mmoja akaniimbia sikioni. Nikafunga daftari, nikaingia ndani ya neti. Malnutrition itangoja kesho.